Pango halina mlango: Tulivyoingia chini ya mlima Suswa na watoto

WIFI yangu anayeishi Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, ndiye aliyeanzisha habari hii. Alituma picha moja kwenye kundi la familia: shimo kubwa ardhini, miti imeota ukingoni, na mwanga wa jua umeshuka kama nguzo hadi kwenye mawe ya chini. Akaandika, "Likizo ya Juni mleteni hawa watoto waone mto wa moto uliokauka."

Kijana wetu ana miaka 14. Siku hiyohiyo alikuwa ameshatafuta ramani. Mdogo wake, binti wa miaka 9, aliitazama picha kwa muda, akarudisha simu mezani na kuuliza kama mle ndani kuna taa.

Mimi na baba yao tulitazamana. Binti huyu analala taa ikiwaka. Umeme ukikatika usiku hapa Dodoma, sisi ndio tunakimbilia tochi kabla hajaamka na kupiga kelele. Alikuwa darasa la tatu tulipompeleka bweni, akakaa muhula mmoja na nusu, akarudi mtoto mwingine. Tulimuuliza, hakusema. Mtu wa shuleni niliyempigia simu aliniambia watoto wote huwa hivyo mwanzoni, watazoea. Tukamhamishia shule ya kutwa karibu na nyumbani, tukajua yameisha. Kuna siku nilimwambia anadeka. Nalitaja hilo sasa kwa sababu litarudi huko mbele.

Kwa hiyo nilipokubali safari, sikuwa na hakika kama nampeleka mwanangu kutalii au kumtesa.

Hoja ya popo

Kabla ya kufunga mizigo tulibishana kuhusu jambo jingine, na nadhani mzazi yeyote wa Tanzania angebishana. Mapango yana popo, na neno popo siku hizi linatukumbusha Marburg. Tuliisikia Kagera mwaka 2023, ikarudi tena mkoani humo mwanzoni mwa 2025. Kirusi chake huishi kwa popo wala matunda wanaojaa mapangoni. Kenya kwenyewe, watu wawili waliotembelea pango la Kitum, mlima Elgon, waliugua Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987. Uganda, mwaka 2008, mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia kwenye pango lenye popo wengi.

Baba watoto alisema, basi tusiende. Mimi nikasoma zaidi. Popo wanaojulikana sana Suswa ni wenye masikio makubwa wanaokula wadudu, jamii tofauti na wale wa matunda. Hilo lilinituliza kidogo tu, maana pangoni huwezi kuhesabu kila popo na kumuuliza anakula nini. Kisha kuna kuvu anayeota kwenye kinyesi cha popo. Vumbi lake likivutwa linaweza kuumiza mapafu, awe popo wa wadudu au wa matunda.

Tulikubaliana hivi: tungemwambia mwongozaji mapema kwamba vyumba wanakolala popo hatuingii. Barakoa zilizobaki tangu enzi za korona zingevaliwa, glovu pia, na mikono isiguse uso hadi tuoge. Marburg huchukua kati ya siku 2 na 21 kujitokeza, kwa hiyo tukirudi ningehesabu siku 21 kwenye kalenda, na homa yoyote katika siku hizo tungeipeleka hospitali na kusema wazi kwamba tulikuwa pangoni. Kijana alinuna. Popo ndio aliokuwa anawataka.

Kutoka kwenye mawe ya kizee

Tulitoka Dodoma alfajiri. Barabara ya Kondoa hadi Babati ni lami. Wa umri wangu wanakumbuka vumbi lake. Tulisimama Kolo, tukajiandikisha ofisi ya mambo ya kale na kupanda na mwongozaji kwenda kuona michoro ya miambani. Maeneo yenye michoro Kondoa ni zaidi ya 150, na UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Binti alikwenda mbele yetu sote. Ila Kolo ni kivuli cha mwamba tu, jabali limeinama kama kibaraza na mwanga umejaa. Watu wembamba warefu wa rangi nyekundu unawaona bila kuwasha hata simu.

Kwenye gari kijana aliuliza kwa nini sisi Dodoma hatuna mapango ya moto. Baba yake alimpa jibu nililolipenda. Majabali yanayozunguka mji wetu ni itale, mawe magumu ya kizee, ambayo umri wake wataalamu wanauhesabu kwa mabilioni ya miaka. Ni kipande cha bara ambacho hakikubali kuchanika kirahisi. Bonde la Ufa likija kutoka kaskazini linakutana na ugumu huo, linagawanyika na kufifia. Mabonde ya Bahi na matetemeko madogo tunayoyasikia Dodoma mara kwa mara ni sehemu ya habari hiyo. Volkano zimekaa huko juu ambako ardhi ilipasuka vizuri: Hanang', Meru, Oldoinyo Lengai, na ukivuka mpaka, Suswa na Longonot.

Tulilala Arusha, tukavuka Namanga kesho yake tukiwa na hati za kusafiria za watoto na kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano, tukafika Kitengela kwa shangazi yao mchana. Siku iliyofuata tuliondoka huko saa kumi alfajiri.

Ukiteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu na kushika barabara ya Narok, Longonot inabaki kulia, na kushoto unaona mlima mpana usio na kilele cha kujivunia. Huo ndio Suswa. Wamaasai wanauita Ol Doinyo Nyukie, mlima mwekundu. Una mita 2,356, lakini umetanuka sana hivi kwamba hauonekani mrefu. Ni eneo hili ambako Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulitokea na kuikata barabara, picha zake zikazunguka dunia nzima. Udongo wa huku ni majivu ya volkano. Ukikauka ni unga. Madirisha tuliyafunga na vumbi likaingia vilevile.

Uji na utando wake

Mlima uko ndani ya hifadhi ya jamii ya Kimaasai, na hakuna sababu ya kuingia bila mwongozaji wao. Njia hazina vibao, mashimo hayana uzio. Bei tulikubaliana kabla hatujaondoka barabarani. Tulipewa kijana mwenye shuka, rungu na tochi mbili. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, Anko." Alicheka kwanza, kisha akainama na kugusa kichwa cha kila mmoja, kama wanavyosalimiwa watoto wa Kimaasai. Binti alibaki anakishika kichwa chake kama aliyevishwa kitu.

Alitukagua. Sheria ya wanaoingia mapangoni ni vyanzo vitatu vya mwanga kwa kila mtu, kila kimoja na betri zake. Sisi tulikuwa na tochi mbilimbili na simu. Kofia ngumu hatukuwa nazo, ila baba watoto alikuwa amebeba helmeti za bodaboda. Mwongozaji alizigonga kwa rungu, akasema, "Hizi ni sawa. Ziko nzito, lakini jiwe nalo ni zito."

Ukingoni mwa shimo la kwanza alimuuliza binti kama amewahi kupika uji. Amewahi, wa ulezi. Ukiuacha unakuwaje? Unaweka utando juu. Na chini ya utando? Bado wa moto, bado unatiririka. Basi, akasema, ndivyo pango hili lilivyojengwa. Zaha, ambayo wengi tunaiita lava, ilitoka mlimani na kushuka kama mto. Ya juu ikakutana na hewa, ikapoa na kuganda. Ya ndani ikaendelea kukimbia ikiwa imefunikwa na dari yake yenyewe, na kwa kuwa dari ilizuia joto lisipotee, iliweza kwenda mbali sana. Mlima uliponyamaza, zaha ya mwisho ikatoka upande wa chini, mrija ukabaki mtupu. Baadaye dari iliporomoka hapa na pale. Mashimo hayo ndiyo milango.

Nilipenda kwamba alitumia uji. Nilishawaeleza wanangu jambo hili kwa maneno ya kitabu na hakuna aliyeelewa.

Tuliteremka kwa makalio juu ya mawe yaliyoporomoka. Hewa ilibadilika ghafla, ikawa ya ubaridi kama ya kufungua friji. Ukutani kuna mistari iliyonyooka kama alama za maji kwenye tangi. Kila mstari ni kina ambacho zaha ilisimama kwa muda kabla ya kushuka tena. Darini yananing'inia meno mafupi meusi. Aliyefika mapango ya Amboni kule Tanga atadhani ni kitu kilekile, lakini Amboni ni mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji, na meno yake yamekua tone kwa tone kwa maelfu ya miaka. Ya Suswa ni matone ya mwamba ulioyeyuka. Yaliganda yakiwa yanadondoka, pengine kwa muda wa kupika chakula cha mchana.

"Nani ana ufunguo?"

Mwanga wa shimo unakufuata hatua kama hamsini. Kisha mrija unapinda, na mbele hakuna kitu. Hapo binti alisimama.

Baba yake alimwambia twende mama, tumetoka mbali. Nikajisikia nikitaka kusema hivyohivyo. Tulikuwa tumesafiri siku mbili, tumelipa, na kaka mtu alikuwa ameshapinda kona. Mwongozaji alimwita kijana arudi. Alitueleza pale nje, kwa lugha ya mchungaji, kwamba mwendo ni wa mbuzi wa mwisho. Sasa ndio nikaona alimaanisha. Hakumbembeleza mtoto wala hakumtania. Alikaa juu ya jiwe, akaweka rungu chini, akasema tunapumzika.

Tulikaa dakika kadhaa bila maneno. Kisha binti akauliza, "Anko, nani ana ufunguo?"

"Ufunguo wa nini?"

"Wa mlango."

Mwongozaji alinitazama mimi, nikatikisa kichwa, sikuelewa. Akamjibu taratibu. "Pango halina mlango. Huku tumeingia kwa shimo, na huko mbele kuna shimo lingine, unaona mbingu. Nyani wanaingia wanatoka. Mimi nikiwa mdogo kama wewe niliingia nikifuata mbuzi, nikatoka."

Binti alifikiri. Halafu akasema, wala hakuwa akimwambia yeyote, "Stoo ilikuwa na mlango."

Baba watoto akataka kuuliza. Nilimgusa mkono. Nikawaambia wao na kijana waendelee na mwongozaji, sisi tutarudi kwenye mwanga tukae. Mwongozaji alitusindikiza mwenyewe hadi chini ya shimo, akatuonyesha jiwe la kukalia lililo mbali na ukingo, ndipo akarudi kwao.

Hapo, kwenye ile nguzo ya mwanga niliyoiona kwenye picha ya wifi, mwanangu alinieleza. Bweni lile lilikuwa na stoo ya magodoro. Mtoto aliyeongea baada ya taa kuzimwa, au aliyelowesha kitanda, aliingizwa humo na mlango ukafungwa kwa nje. Mara ngapi? Hakujua. Alijua harufu ya magodoro. Alikuwa ananyoosha mkono kupapasa chini ya mlango, aone kama bado kuna ufa. Niliuliza maswali matatu tu na nikajizuia la nne. Nikamwomba radhi kwa lile neno la kudeka. Alisema, "Haya," akaanza kuokota vijiwe vyepesi vyenye matundu na kuvipanga mstari.

Hao wawili walirudi baada ya kama dakika arobaini, weupe kwa vumbi. Kijana alikuwa anaongea bila kupumua. Walifika mahali mwongozaji akawaambia wazime tochi zote. Alisema aliweka kiganja mbele ya macho na hakukiona. Alidhani macho yatazoea kama yanavyozoea usiku, hayakuzoea. Kuna njia ya pembeni yenye harufu kali inayochoma pua, popo wako huko, na baba yake alikataa. Hilo la mwisho alilisema kwa uchungu.

Bunge la Nyani

Kulikuwa na pango la pili kwenye ratiba, fupi zaidi. Nilisema tuliache. Binti akauliza lina mashimo mangapi. Mwongozaji akahesabu kwa vidole na kumweleza lililipo kila moja na hatua ngapi za giza zipo katikati. Akasema, "Nitahesabu na wewe. Ukisema rudi, tunarudi."

Alishika ncha ya rungu, mwongozaji akashika kichwa chake, wakaingia wakihesabu kwa sauti. Mimi nyuma yao nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Wakati fulani alinyamaza na nikadhani anarudi; kumbe alikuwa amekosea hesabu na anaanza upya.

Mwisho wake ni ukumbi mpana ambao sehemu ya dari imeanguka, mwanga unaingia kutoka juu, na katikati kuna lundo la mawe yamepangana kama ngazi. Mawe yanang'aa. Yamesuguliwa na makalio ya nyani vizazi na vizazi, maana kila jioni kundi linarudi kulala humu ambako chui hawafikii kirahisi. Kila mmoja ana jiwe lake, na kabla ya kulala kelele haziishi. Wageni wameliita Bunge la Nyani.

Watoto wa Dodoma wakatazamana. "Kumbe hata huku kuna Bunge!" akasema kijana, na dada yake akacheka hadi helmeti ikamfunika macho. Mchana ule waheshimiwa wote walikuwa nje wakitafuta chakula. Zilibaki harufu na kinyesi cha kutosha. Tukakaa mbali navyo.

Kabla ya kushuka mlima tulipitishwa kwenye matundu ya mvuke. Suswa haina mto wala chemchemi, kwa hiyo wenyeji wameweka mabomba juu ya nyufa zinazotoa mvuke. Ukipoa unakuwa maji, yanadondoka kwenye madumu. Watoto wanaojua foleni ya maji walisimama hapo muda mrefu kuliko walivyosimama ukingoni, ambako unaona shimo kubwa la mlima lina shimo jingine ndani yake, na katikati ya hilo la pili pamesimama kisiwa cha mwamba.

Tuliporudi

Binti bado analala taa ikiwaka. Tulikwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yetu, tukaandikisha maelezo, na suala liko mikononi mwao. Sitaandika zaidi ya hapo wala kutaja shule. Mzazi ambaye hajui aanzie wapi, namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kitu ninachojilaumu ni kwamba nilimuuliza mwanangu mara nyingi, lakini kila mara nikiwa nimesimama mbele yake, nasubiri jibu.

Wanaotaka kwenda Suswa: nendeni kiangazi, maana mvua ikinyesha lile vumbi linakuwa utelezi na gari dogo halipandi. Maji beba ya kutosha, juu hakuna duka. Viatu vifunike vidole. Mtoto ambaye hawezi kushuka mawe makubwa bila kubebwa, mwacheni akue kwanza. Pangoni mtu aliyebeba mtoto hana mkono wa kujishikia. Na mwulize mwongozaji mapema atafanya nini mmoja wenu akikataa kuendelea.

Siku ya 21 iliangukia Jumatano. Hakuna aliyepata homa. Kijana alikata mduara wa mwisho kwenye kalenda ya jikoni, akauliza kama sasa anaruhusiwa kurudi kwa popo, hata kwa kusimama nje jioni akiwaona wanatoka. Baba yake akasema tutaona. Binti, mdomo umejaa chapati, akasema wao waende tu kwa popo, yeye atabaki bungeni.